Vitabu Viwili Ndani ya Simiti

Mimi nilishasema zamani, na watu wangu wa kazi wananijua kwa neno hilo, kwamba hakuna kitu duniani kinachoweza kunishtua tena. Nimeona sakafu ya ghorofa ya nne ikishuka hadi ya kwanza kabla chai ya saa nne haijaiva. Nimeibiwa lori likiwa na mchanga ndani na dereva ndani. Nimesimama mbele ya mainjinia wenye digrii mbili mbili, mimi wa darasa la saba, nikawaambia hilo bomba litapasuka, wakacheka, likapasuka. Leo nina wafanyakazi arobaini na mmoja, nina nyumba Muthangari ambayo mabomba yake niliyapitisha kwa mikono yangu, na kila Desemba kampuni yangu huchapisha kalenda ya kugawia wateja. Picha iliyo juu ya kalenda ni yangu, nimevaa suti ya bluu na helmeti ya mjengo, na sikuchagua picha ndogo. Basi ni hiyo kalenda iliyoniponza. Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa katika ofisi yangu pale Dagoretti Corner, nimeshika sambusa, simu ikalia. Sauti ya mwanamke ikauliza, "Naongea na yule mtu wa kalenda?" Nikamwambia ndiye mimi, mkurugenzi mwenyewe. Akasema, "Mama yangu anataka kukuona. Mwalimu Nyambura, wa Riruta. Anasema uje na miwani kama siku hizi unavaa, kuna kitu utasoma." Sambusa ilianguka. Nilikaa juu ya katoni ya koki, mimi mwenye miaka arobaini na sita na malori matatu, kama mtu aliyeitwa na chifu.

Ili mtu aelewe, lazima nirudi kwenye mwaka ule. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kibarua wa mjengo, nimetoka Bungoma na begi moja. Tulikuwa tunajenga fleti za ghorofa nne Muthangari, na jioni nilikuwa natembea kwa miguu hadi mtaa wa Satellite, kwenye chumba cha mabati nilichokaa na Shikuku. Huyu Shikuku tulikuwa tunabeba kokoto pamoja. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na alijua kila kitu, hasa mambo ambayo hakuwa ameyaona. Kitanda kilikuwa kimoja, wiki hii chake, wiki ijayo changu, na aliyekosa kitanda alilala chini karibu na stovu, akaamka na harufu ya mafuta ya taa kwenye nywele. Kuta zilikuwa zimebandikwa magazeti ya zamani kuzuia baridi. Nilikuwa nimezisoma kuta hizo zote, hata zile kurasa zilizobandikwa juu chini nilizisoma kwa kuinamisha kichwa. Siku hizi watu wakiniuliza nilisomea wapi nawajibu Satellite, ukutani, na wanadhani ni mzaha.

Mwalimu Nyambura nilimjua kwa sababu ya mtaro. Alikuwa akifundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya karibu, mjane mwenye nyumba yake ya mawe huko Riruta, na Jumamosi moja alinipa kazi ya kuchimba mtaro wa bomba. Fundi aliyemleta aliunga bomba mara tatu na mara tatu likavuja. Mimi nikiwa ndani ya mtaro, matope hadi kiunoni, nikasema kwa sauti, bila kumwambia mtu, kwamba ningependa kujua maji huwa yanakubali vipi kupanda juu hadi kwenye tangi. Fundi akacheka. "Wewe chimba. Hayo ni mambo ya watu wamesoma." Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la githeri. Akaniuliza, "Unajua kusoma, Wekesa?" Nikasema najua. Akasema, "Basi hayo mambo yako kwa vitabu. Jumatatu uombe ruhusa, tutaenda mjini."

Tulienda katika maktaba kubwa ya mjini. Sikujua kwamba mtu wa kawaida anaweza kuingia mle bila kuitwa. Ili upewe kadi ilikuwa lazima uwe na mdhamini, mtu wa kazi ya mshahara, ajaze fomu, ipigwe muhuri wa mahali anapofanya kazi. Mwalimu alikuwa ameshapiga muhuri shuleni. Alinisomea sentensi ya mwisho kwa sauti, kama anavyowasomea watoto wa darasa la pili, kidole chini ya kila neno: ya kwamba msomaji akipoteza au akiharibu kitabu, mdhamini atawajibika. Kisha akafunika kalamu yake, akaniangalia. "Wekesa, mimi nastaafu Desemba. Miaka thelathini na tatu, jina langu halijawahi kuandikwa mahali pabaya. Leo nimeliandika hapa kando ya lako. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Nikatoka na vitabu viwili, kimoja cha mabomba, kimoja cha kusoma plani za nyumba, nikivishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

Sasa hapa ndipo makosa yangu yalipoanza, na ni makosa ambayo mtu wa ofisini hawezi kuyafanya, yanamtaka mtu wa mjengo. Nilikuwa nasoma saa ya chakula, nimejificha nyuma ya mbao, kwa sababu nyapara wetu, Mzee Kamande, hakupenda kibarua anayeangalia plani. Nilihitaji pa kuvificha. Na sisi sote tunajua kwamba hakuna karatasi ngumu kama ya mfuko wa simiti. Hata watoto wa shule wanafunikia madaftari. Ijumaa ya Aprili, siku tatu kabla ya tarehe ya kurudisha, nilichukua mfuko uliobaki na simiti kidogo chini, kama kilo tatu, nikatumbukiza vitabu ndani, nikaukunja mdomo, nikausukuma chini ya turubai kwenye stoo. Niliona nimefanya akili. Mvua ikanyesha Jumamosi yote na Jumapili yote. Jumatatu nilipofunua turubai, maji yalikuwa yameshapita chini yake na kwenda zake, na mfuko wangu ulikuwa umekaa wima kama mtu mnene. Nikaupiga teke kidogo. Kidole cha mguu kiliniuma ndani ya gamubuti.

Nilichana karatasi. Vitabu vilikuwa viwili bado, unaweza kuviona kona zake, lakini vilikuwa vimeshikana na simiti pande zote, na kurasa zilizokuwa zimefyonza maji ya simiti zilikuwa zimekauka kuwa kitu kimoja, kijivu, kigumu. Nilichukua patasi nikajaribu kuvitenganisha. Vikaachana kwa mlio wa jiwe, viwili, na ukurasa mmoja ukatoka na mchoro wa tangi, ukavunjika mkononi kama ganda la kaimati. Shikuku akaja nyuma yangu. Aliangalia kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka mara moja.

"Hiyo ni mali ya serikali umejengea, bro."

"Nitawaambia ni mvua."

"Mvua ina kitambulisho? Mvua iliandikisha? Hiyo inaitwa kuharibu mali ya umma. Miaka saba."

"Saba!"

"Saba kwa kila kitabu. Wewe piga hesabu, si ndiyo msomi." Halafu akanong'ona, na hapo ndipo aliponiua: "Na hawaanzi na wewe. Wanaanza na mdhamini. Huyo mwalimu wako anastaafu, si ndiyo? Hawezi kulipwa pesa za uzeeni mpaka kila ofisi iseme hana deni. Mjomba wangu alikosa zake kwa sababu ya jembe moja la kaunsili."

Mtu akiniambia hivyo leo nitamuuliza mjomba gani, jembe gani. Wakati ule nilimeza maneno yake yote bila kutafuna. Hata hivyo nilijaribu. Jumamosi iliyofuata nilitia mawe yangu mawili ndani ya begi, nikaenda mjini niseme ukweli. Kwenye kaunta mbele yangu kulikuwa na kijana mwenye tai, mwanafunzi wa chuo, amechelewesha kitabu. Karani hakumfokea hata kidogo, na upole ule ndio ulionitia baridi. Alikuwa anaandika tu. "Mdhamini wako anafanya kazi wapi? Sawa. Tutamwandikia mwajiri wake." Kijana akasema, "Tafadhali, madam, huyo ni shemeji yangu." Karani akasema, "Tutamwandikia tu, kaka," na akageuza ukurasa. Miguu yangu iligeuka yenyewe. Nilikuwa nakaribia mlango nilipomwona askari anayepekua mabegi ya watu wanaotoka, asije mtu akaiba kitabu. Na mimi ndani ya begi nilikuwa na vitabu vyao viwili! Akaingiza mkono, akainua. Mkono ukashuka kwa uzito.

"Umebeba nini, boss?"

"Mawe."

"Mawe ya nini huku kwa vitabu?"

"Ni sampuli, mkubwa. Ya saiti. Napeleka ikapimwe."

Alikitoa kimoja nusu, akakigonga kwa kirungu, ko, ko, ko, akiwa ameinamisha sikio. Kwenye kona, chini ya simiti, niliona kipande cha muhuri wa zambarau wa maktaba. Kidole chake kilikuwa kando ya muhuri huo, tofauti ya punje ya mchele. Nilisali kwa Kibukusu. Akakirudisha. "Hiyo mchanganyiko ni nguvu," akasema. "Nani fundi wenu?" Nimepewa sifa nyingi za simiti tangu siku hiyo, hata na benki, lakini hiyo ya kwanza ndiyo sitaisahau, kwa sababu nilipofika nje nilitapika kando ya ua wa watu.

Baada ya hapo nikaacha kwenda mjini kabisa. Kila mtu mwenye faili nilimwona ametumwa. Gari jeupe likipunguza mwendo karibu na saiti, mimi napanda juu. Chakula kilikuwa hakishuki. Mama wa chapati na madondo akawa ananiuliza kama nina minyoo. Na mambo haya yote niliyabeba Jumamosi kwa Jumamosi hadi mezani kwa Mwalimu Nyambura, kwa sababu alikuwa bado ananipa vibarua vya shamba na bado ananilisha. Meza yake ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda, na chini ya plastiki hiyo aliweka vitu vyote muhimu, bili ya maji, ratiba ya kanisa. Jumamosi moja ya Juni nilikuta barua chini ya plastiki, kati ya nanasi na zabibu, yenye muhuri wa zambarau ule ule. Alinipakulia kwanza. Alingoja nimeze.

"Wekesa, hawa watu wameandika shuleni. Wanasema hujarudisha."

Ningeweza kusema. Githeri ilikuwa moto, dirisha limefunguliwa, mama wa watu ananiangalia bila hasira. Nikasema, "Nilirudisha, Mwalimu."

"Vyote viwili?"

"Vyote."

"Haiya. Basi wamekosea." Akafuta mikono, akatoa karatasi, akaandika pale pale mbele yangu kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Alinisomea alichoandika. Kwamba anamjua kijana huyu, kwamba ni mwaminifu, kwamba makosa yatafutwe kwenye rafu zao. Akatia sahihi, akaniambia niipeleke posta nikipita. Nilitoka na jina lake mfukoni, limeandikwa chini ya uongo wangu. Sikuweza kuituma, wala sikuweza kuichana. Jumatatu tulikuwa tunamwaga nguzo za ghorofa ya tatu. Niliitumbukiza barua ndani ya mbao za nguzo ya kona, toroli yangu ya zege ikafuata juu yake. Fleti hizo bado zimesimama, nazipita kila asubuhi nikienda kazini, na kila asubuhi naangalia kona hiyo ya ghorofa ya tatu. Wapangaji wananipungia mkono. Wanadhani nakagua.

Niliishi hivyo hadi Novemba. Alasiri moja nilikuwa juu nikipiga lipu, nikamsikia mtu chini akimwuliza nyapara, "Kuna kijana hapa anaitwa Wekesa?" Nikachungulia. Alikuwa amevaa koti na tai, faili kwapani, viatu safi. Mzee Kamande akapaza sauti, "Wekesa! Wee Wekesa! Umekuja kutafutwa na watu wa maofisi!" Vibarua wakapiga mluzi. Shikuku aliniangalia kutoka kwenye karai lake, akasema kwa midomo tu, bila sauti: enda. Nilishuka kwa nguzo za nyuma, nikaruka ukuta, nikakimbia na mwiko mkononi hadi Satellite. Niliogopa hata kufunga mlango. Nilichukua begi, blanketi, na mwiko. Mawe mawili niliyaacha chini ya kitanda. Jioni hiyo nilikuwa Athi River, na jua halijazama nilikuwa nimeshapata mtu wa kunilaza. Mshahara wa wiki mbili niliuacha Muthangari, na shukrani niliyomwachia Mwalimu ni hiyo ya kutoweka.

Athi River nilikaa miaka tisa. Mabomba nilijifunza kwa kuiba kwa macho, kwa kuunguzwa, kwa kufurika nyumba za watu. Nilipokuwa na hela nilirudi upande huu wa Dagoretti, nikafungua ofisi, na kwa miaka kumi na minane sikupita njia ya kwa Mwalimu. Nikipata kazi upande huo natuma vijana. Sikuuliza kama alilipwa zake za uzeeni, kwa sababu niliogopa jibu. Mtu anaweza kuwa na malori matatu na bado akazunguka mtaa mzima kukwepa geti moja.

Siku niliyoitwa nilienda nimevaa ile suti ya kalenda. Binti yake alinifungulia geti, akarudi jikoni. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, na kilichouzuia usifungwe na upepo kilikuwa chini kwenye pembe, kijivu, mraba, kona moja ina muhuri wa zambarau uliofifia. Nilisimama. Mimi nisiyeshtuka. Ndani, sauti ile ile, nyembamba zaidi, ikasema, "Ingia, Wekesa. Usikipige teke, utaumia."

Alikuwa kwenye kiti kando ya meza, shali mabegani, mdogo sana. Plastiki ya meza ilikuwa mpya, maua. Kalenda yangu ilikuwa ukutani. Nikataka kupiga magoti, akasema nisichafue suti. Nilimwuliza lile swali nililolibeba tangu ujana wangu: "Mwalimu, walikuzuia pesa zako za kustaafu?"

"Nani alikuambia mambo kama hayo?"

"Shikuku."

"Shikuku ni nani?"

Nikajaribu kumweleza Shikuku ni nani, nikajiona mjinga. Alicheka hadi akakohoa. "Nililipwa zote," akasema, "na kwa wakati." Kisha akaacha kucheka. "Sasa niambie na wewe. Yule karani niliyemtuma kwa saiti, alikufanya nini mpaka ukaruka ukuta?"

"Karani gani?"

"Wa chuo cha ufundi. Nilikuwa nimekuombea nafasi, mabomba, miaka miwili, kanisa lingelipa. Alikuletea fomu utie sahihi. Akarudi akaniambia kijana amekimbia kama mwizi. Nikasema huyo si mwizi, huyo ni mgonjwa. Nikaenda Satellite kukutafuta, jirani akanifungulia. Nikainama chini ya kitanda." Akaonyesha mlangoni kwa kidevu. "Ndipo nikaelewa."

Miaka yote hii nimejisifu mbele ya watu kwamba sikuhitaji chuo. Kumbe chuo kilikuja na viatu safi hadi chini ya jengo, kikaniita kwa jina, na mimi nikaruka ukuta. Nilimwuliza maktaba walisema nini. "Walicheka. Nilibeba mawe yako mpaka mjini, mkono ukaniuma wiki nzima. Karani aliita wenzake waje waone. Halafu nikalipa, faini na bei ya vitabu, wakaniambia nirudi navyo, sasa ni vyangu." Nikatoa kitabu cha hundi. Nikamwambia Mwalimu, nakubadilishia mabomba yote, naweka tangi jipya, nakujengea na vyumba viwili pale nyuma vya kupangisha, we sema tu.

"Nani amekuuliza vyumba? Vaa miwani."

Akainua plastiki ya meza. Kati ya maua mawili kulikuwa na risiti ya maktaba, imekuwa ya rangi ya chai. Nikaisoma kwa sauti, kwa sababu alitaka niisome kwa sauti, kidole changu chini ya kila neno. "Hiyo tu," akasema. "Usiongeze hata ndururu. Na si pesa ya simu, ya mkononi." Mfukoni nilikuwa na noti za elfu elfu tupu. Ilibidi nitoke na suti yangu hadi kwenye kioski cha getini, ninunue kiberiti nisichokihitaji ili nipate chenji, nirudi, nipange mezani mbele yake. Alihesabu mara mbili. Halafu akachukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya risiti ile ile kwa herufi zilizonyooka, akanipa.

"Na vitabu, Mwalimu?"

"Sasa ni vyako. Kimoja chukua. Kingine niachie, huu mlango unasumbua."

Kitabu cha mabomba kiko juu ya meza yangu ya ofisi, na wateja huuliza ni sampuli ya nini. Risiti nimeiweka kwenye fremu, pale ambapo wenzangu hutundika vyeti vyao. Mwandiko mwekundu unasema: Imepokelewa kutoka kwa Wekesa, shilingi elfu moja, mia mbili na arobaini.